Namwombea Chiduo

Jumamosi, Igogo, kibanda umiza cha Mabula.
Kiingilio elfu moja. Mimi wamenipitisha bure,
bingwa halipi, na wamenipa benchi la mbele
lenye mguu mmoja wa tofali,
kwa hiyo nakaa kama mtu aliye tayari kusimama.

Kwenye skrini ni Dar, taa, moshi,
Chiduo anaingia na lile joho lake la kijani.
Miaka sita namchukia mtu huyu.
Aliwahi kusema redioni kwamba mkanda wangu
unanuka dagaa.
Ni kweli unanuka. Lakini ni wangu.

Leo namwombea.
Kimoyomoyo, maana vijana wa gym wamenizunguka:
Mungu, mpe pumzi. Mpe raundi kumi.
Mwelekeze macho kwenye bega la kulia la yule Mzambia.
Mwache ashinde, ili Desemba nimpige mimi.

Maana hesabu iko hivi, na haina siri:
akishinda, mkataba unasimama,
uwanja wa Kirumba, milioni arobaini, nusu kabla.
Akianguka, nani atalipa kiingilio
kunitazama nikimpiga mtu aliyekwisha kupigwa?
Na wanaume wa uzito wetu nchi hii
unawamaliza kuwahesabu kabla hujafungua kiganja cha pili.
Nina miaka thelathini na minne.
Kule Bugarika kuta zangu zimesimama juu ya jiwe, wazi,
mvua inaingia na kutoka kama mwenye nyumba.
Bati ziko dukani kwa Shigela,
nimeziwekea alama ya chaki.

Raundi ya tatu Chiduo anakula konde la mbavu
na mimi ndiye ninayeguna.
"Vipi bingwa, limekufikia?" anauliza Mabula.
Watu wanacheka. Nacheka nao.
Mbavu zinauma kweli.

Ya sita, anauvuta mkono wa kushoto kutoka chini
kama anayeng'oa muhogo kwenye udongo mkavu,
na Mzambia anaketi. Anaketi tu, taratibu,
kama mgeni aliyekaribishwa kigoda.
Refa anahesabu. Kibanda chote kinahesabu.
Saba. Nane.
Mimi nahesabu bati.

Kumi.

Wamenibeba. Wamerusha kofia, wamemwaga soda,
benchi limeanguka, tofali limempata mtu kidoleni
na hata yeye anaimba: Desemba! Desemba!
Niko juu yao, kichwa kinagusa boriti,
peke yangu ninayeitazama bado skrini.

Chiduo ananyanyua mkono wa kulia.
Wa kulia tu.
Wa kushoto ameulaza tumboni
kama aliyebeba yai.
Wanapomvua glovu anaangalia pembeni.
Sihitaji daktari, wangu umevunjika mara mbili.
Ule mfupa wa chini ya kidole gumba, ukienda,
unaenda na miezi minane.
Ameshinda, na ameondoka na Desemba yangu
ndani ya glovu.

Sikusema kitu. Waliniteremsha mlangoni kwangu
saa saba usiku, wamekaukiwa sauti.
Nikaomba tena, safari hii kwa mfupa mmoja tu,
nikaona haya, nikalala.

Jumatatu simu ya promota
inaita, halafu inakatwa, halafu haipatikani.
Nashuka Mwaloni kama kawaida,
nabeba magunia mpaka saa nne,
kisha Nyanzobe ananiruhusu kwenye mzani wake,
mzani wa dagaa, kutu pembeni,
ulionijua tangu nina kilo themanini.
Anainama, anasoma mshale:
mia moja na tatu na nusu.
"Uko tayari kabisa," anasema.
"Unapigana na nani?"

Nashuka,
naye anapandisha gunia lingine.